Bustani ya Forodhani, Unguja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Forodhani ni ile bustani iliyo mbele ya Ngome Kongwe, kwenye ukingo wa bahari wa Mji Mkongwe. Wageni wengi huijua kwa soko la chakula la usiku tu: huja giza limeshaingia, wakala, wakaondoka bila kuiona bustani yenyewe wala bandari iliyo mbele yake. Majibu yaliyo hapa chini yanafuata vitu viwili vinavyoiendesha Forodhani kuliko saa ya mkononi, yaani jua na maji.

Nitafikaje kutoka bandarini, uwanja wa ndege au Darajani?

Ukishuka boti Malindi, toka nje ya geti la bandari, pinda kulia na uifuate Barabara ya Mizingani, bahari ikiwa mkono wako wa kulia. Mkono wa kushoto utaipita Zahanati ya Kale yenye roshani za mbao zilizonakshiwa, halafu Mtini, ule mti mkubwa uliopandwa 1911, kisha Jengo la Forodha la Zamani, Beit al-Sahel (Makumbusho ya Kasri) na Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu). Baada ya hapo umefika. Ni mwendo wa dakika 10 hadi 12 kwa miguu, kwa hiyo anayekuomba nauli ya teksi kwa safari hiyo anakuuzia kitu usichokihitaji, isipokuwa una mizigo mizito.

Uwanja wa ndege uko kama kilomita 7 kutoka mjini. Daladala haziingii ndani ya Mji Mkongwe. Ukishushwa upande wa soko la Darajani utamalizia kwa miguu kwa kupita vichochoroni, dakika 10 hadi 15. Kupotea humo ni jambo la kawaida na wala si balaa. Shika uelekeo wa magharibi, na ukikwama muulize mwenye duka. Ukitokea mtaa wa Shangani, njia fupi ni ile inayopita chini ya jengo la zamani la mayatima. Ukitoka upande wa pili, bustani iko mbele yako.

Kuna kiingilio?

Hakuna kiingilio, mchana wala usiku. Ni mahali pa umma. Akitokea mtu akakudai pesa ya kuingia, mwambie "ahsante" na uendelee na safari yako.

Saa gani ni nzuri zaidi kwenda?

Saa 10 na nusu alasiri. Jua limeshapoa, mabenchi yana nafasi, na wenye majiko bado hawajawasha mkaa, kwa hiyo moshi haujafunika miti. Kuanzia kama saa 11 wauzaji huanza kusukuma meza, kuwasha taa na kupanga vijiti vya samaki na nyama. Chakula huwa tayari karibu na Magharibi, na msongamano wenyewe ni kati ya saa 1 na saa 3 usiku. Kufikia saa 4 au 5 wengi wanazima majiko.

Asubuhi mapema, saa 12 hadi saa 2, Forodhani ni nyingine kabisa: watu wa mazoezi, paka, na wavuvi wanaorudi. Hutakuta chakula, ila mwanga wa asubuhi hutokea nyuma yako na kuangukia visiwa. Kwa picha za bandari, huo ndio wakati.

Saa 6 hadi saa 9 mchana tunashauri uzitumie kwingine. Vivuli vipo lakini ni vichache, na sakafu ya mawe hutema joto.

Wanaotoka Dar es Salaam kwa siku moja waangalie ratiba ya boti ya kurudi kabla ya kupanga chochote. Boti nyingi huondoka majiko hayajawashwa bado. Anayetaka soko la usiku alale Unguja.

Jua linazama saa ngapi, na nikae upande gani?

Zanzibar iko karibu na ikweta, hivyo tofauti ya mwaka mzima ni kama nusu saa tu. Mapema Februari jua huzama yapata saa 12:47 jioni, na huo ndio mwisho wake wa kuchelewa. Katikati ya Mei ni kama saa 12:15, mwishoni mwa Julai saa 12:25, mwanzoni mwa Novemba saa 12:17, na mwishoni mwa Desemba saa 12:38. Likishazama, mwanga hauchukui hata nusu saa kuisha, kwa hiyo anayefika dakika kumi baada ya machwo ameshakosa sehemu kubwa.

Ukuta wa bahari unatazama kaskazini-magharibi. Kuanzia Mei hadi Agosti jua huzama kulia zaidi, juu ya maji matupu, na unaliona vizuri popote ulipokaa. Desemba na Januari huteremka kushoto zaidi, upande wa Shangani, na ukikaa mwisho wa kusini wa bustani majengo yanaweza kukuzibia jua. Miezi hiyo sogea upande wa Beit al-Ajaib.

Kwa nini siku nyingine nakuta vijana wanaruka baharini na siku nyingine nakuta mawe matupu?

Kwa sababu ya bamvua (siku bahari inapojaa na kupwa zaidi) na maji mafu (siku inapojaa na kupwa kidogo). Katika mlango huu wa bahari, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufika karibu mita 4 wakati wa bamvua kubwa, na hupungua sana wakati wa maji mafu. Bamvua huja kila mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku hizo maji hujaa alasiri, kuanzia kama saa 10. Kila siku inayofuata hujaa kwa kuchelewa, wastani wa dakika 50.

Hesabu hiyo ina faida kwa mgeni. Ukitaka kuona machwo huku maji yamefika juu ya ukuta na vijana wanapiga mbizi, chagua siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu au mwandamo, yaani takriban tarehe 2 hadi 4 au 16 hadi 18 za mwezi wa Kiislamu. Wiki moja baadaye, saa hiyo hiyo ya jioni, maji yatakuwa yametoka, utaona mawe na mwani, na hakuna anayeruka. Hakuna aliyekudanganya kwa picha uliyoiona. Umekuja tu siku ya maji mengine.

Na mimi naweza kuruka?

Usiruke. Wale vijana wamekulia hapo; wanajua jiwe liko wapi na maji yakipungua kwa kiasi gani wanaacha. Kosa la mgeni huwa ni kuiga saa moja baada ya maji kuanza kutoka: juu ya uso wa bahari hakuna kilichobadilika, chini kina kimeshapungua. Pia mashua zinaingia na kutoka jirani kabisa. Hata kukaa ukingoni miguu ikining'inia kuna namna yake: siku za bamvua wakati wa kaskazi, yaani upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, wimbi likigonga ukuta hurusha maji mpaka kwenye mabenchi ya mbele. Simu na kamera ziwe mbali.

Ninachokiona mbele yangu baharini ni nini?

Simama katikati ya ukuta, ukitazama maji. Kulia kabisa ni bandari ya Malindi, yenye meli za mizigo, kreni na boti za Dar na Pemba. Ukianza kuzungusha macho kuja kushoto, kisiwa kidogo cha kwanza ni Chapwani, ambacho wengi hukiita Kisiwa cha Makaburi. Kinachofuata ni Changuu, yapata kilomita 5 na nusu kutoka hapo, kile kinachojulikana kwa watalii kama kisiwa cha gereza. Jengo la gereza lilijengwa humo 1893 lakini halikupata kutumika kama gereza, likawa karantini. Kushoto zaidi ni Bawe. Maji yakipwa hutokea mafungu ya mchanga kati ya visiwa hivyo, na yakijaa yanatoweka.

Mashua na ngalawa zilizotia nanga mbele ya bustani nyingi ni za kubeba wageni. Majahazi ya mizigo utayaona upande wa Malindi.

Jambo moja ambalo jicho halikuonyeshi: tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zilipanga mstari katika maji haya haya na kulipiga kasri kwa mizinga. Vita vilikwisha kabla ya saa moja kutimia. Meli ya Sultani, Glasgow, ilizamishwa hapo bandarini, na milingoti yake ilibaki ikichomoza juu ya maji kwa miaka mingi. Kasri la Beit al-Hukm, lililokuwa kati ya Beit al-Sahel na Beit al-Ajaib, liliharibiwa, na nafasi yake leo ni bustani. Ndiyo maana kuna pengo la kijani katika safu ya majumba ambayo vinginevyo yamebanana.

Bustani yenyewe ina umri gani?

Ilipandwa na kupangwa 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Haroub, aliyetawala kuanzia 1911 hadi 1960. Kwa hiyo ikaitwa Bustani ya Jubilei mpaka Mapinduzi ya 1964. Kabla ya hapo eneo hili lilikuwa la kazi na jasho: mizigo ya forodha ikishushwa ufukweni, na mwanzoni mwa karne ya 20 reli ya kwenda Bububu ikianzia karibu na Ngome. Shughuli za bandari zilipohamia Malindi, ndipo ukingo huu ukapata nafasi ya kuwa mahali pa kupumzikia.

Katikati kuna jukwaa ambalo bendi ya Sultani ilikuwa ikipigia muziki kwa ajili ya watu wote. Karibu na maji kuna matao meupe ya mtindo wa Kiislamu, yaliyojengwa kwa ajili ya ujio wa Binti Mfalme Margaret wa Uingereza mwezi Oktoba 1956. Yalikusudiwa kuwa mlango wa kumpokelea, lakini hayakutumika kwa kazi hiyo. Leo kazi yake kubwa ni kuwa mandhari ya picha za harusi, na kwa kweli yanaifanya vizuri.

Sura unayoiona sasa ni ya ukarabati uliogharamiwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, ambao ulikamilika na bustani kufunguliwa upya tarehe 30 Julai 2009. Njia, taa, ukuta wa bahari, sehemu ya michezo ya watoto na nafasi maalumu ya wauza chakula vilitengenezwa wakati huo. Wapo wanaosema ilipoteza uswahili wake ilipopangwa hivyo. Sisi tunaona majani yaliyopona na mitaro inayopitisha maji ni bora kuliko matope ya zamani.

Naweza kuingia Beit al-Ajaib na Ngome Kongwe siku hiyo hiyo?

Ngome, ndiyo. Ilijengwa na Waomani baada ya Wareno kufukuzwa mwishoni mwa karne ya 17, juu ya mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Ndani kuna uwanja wa wazi wenye viti vya ngazi kwa maonyesho, na maduka ya sanaa. Pita mchana, kabla ya kwenda bustanini. Sauti za Busara, tamasha la muziki la Februari, hufanyika humo, na siku hizo Forodhani hujaa mpaka usiku wa manane.

Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultani Barghash 1883, ni habari ya huzuni. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya jengo ilianguka, wakati kazi ya ukarabati ikiendelea. Itazame kutoka bustanini, na usivuke uzio kutafuta picha nzuri zaidi.

Chakula: nianzie wapi?

Anza kwa kutokununua. Zunguka meza zote mara moja, mikono mfukoni, kabla hujachagua. Wauzaji watakuita, watakutajia samaki wote wa bahari ya Hindi, na baadhi watakupa kipande uonje. Jibu lililozoeleka ni "nazunguka kwanza, nitarudi". Halimuudhi mtu.

Katika mzunguko huo angalia mambo matatu. La kwanza, meza ipi ina foleni ya wenyeji. Hapo mali inatoka haraka na haikai. La pili, mkaa: majivu meupe yenye wekundu ndani ndiyo moto wa kuchomea, lakini mkaa unaowaka ndimi na kutoa moshi mweusi utakuunguzia nje na kukuachia ubichi ndani. La tatu, vijiti vyenyewe. Kingo za samaki zikiwa zimekauka na kujikunja, au viungo vya manjano vimepakwa vizito mno kiasi kwamba huwezi kuona rangi ya nyama, kuna uwezekano kijiti hicho ni cha jana.

Vyakula vingi vya baharini pale mezani vimeshapikwa nusu au vyote, na jikoni hupashwa tu. Si ubaya, lakini lazima vipate moto mpaka ndani. Mwambie mchomaji, "nipashie mpaka ndani, taratibu", kisha kata kipande kinene zaidi na uguse katikati. Pweza hutokoswa kwanza, na akirudishwa motoni mara mbili tatu huwa mgumu wa kutafuna. Mwombe akuchomee kile kijiti ambacho hakijawekwa motoni jioni hiyo. Ngisi vivyo hivyo. Kamba wa kawaida huvumilia zaidi.

Kuhusu majina: jodari, nguru na nduaro wakishakatwa vipande na kupakwa viungo hufanana sana, na bei zake hazifanani. Ukilipia nguru, ona kwanza nyama yake kabla ya viungo, au nunua kitu kisichoweza kuigwa. Mishikaki ya ng'ombe, muhogo wa kuchoma na ndizi ndivyo vyakula ambavyo havijamwangusha mtu, na mgeni mwenye tumbo jepesi aanze navyo.

Kwa nini bili yangu ilitoka kubwa kuliko bei niliyoambiwa?

Sababu huwa ni sahani. Unaulizwa unapenda nini, unaonyesha kidole, muuzaji anaweka kijiti, anaongeza cha pili "uonje", anaongeza chipsi, kachumbari na chapati, na hakuna hata kimoja kilichotajwa bei. Vyote vikishapita motoni havirudi tena. Fanya hivi:

1. Uliza bei ya kijiti kimoja kimoja, si ya sahani: "Kijiti kimoja cha kamba shilingi ngapi?"
2. Chagua wewe mwenyewe na uhesabu kwa sauti. Kisichotakiwa kiondoe hapo hapo.
3. Kabla sahani haijaenda jikoni uliza: "Yote pamoja ngapi?" Hiyo ndiyo bei.
4. Lipa kwa noti ndogo. Noti ya shilingi 10,000 kwa chakula cha 4,000 mara nyingi huzaa "subiri chenji", na chenji hiyo huchelewa kwa kadiri wateja wanavyoongezeka.

Kambakoche huuzwa kwa ukubwa, na ndiye chanzo cha ugomvi mwingi. Kubaliana bei ya yule unayemwona, si ya "kambakoche" kwa jumla.

Kupatana bei kunaruhusiwa, kwa tabasamu. Mgeni ataambiwa bei ya juu kuliko mwenyeji. Kiswahili kidogo na subira ya kuondoka hatua mbili hupunguza pengo.

Pizza ya Zanzibar ni kitu gani, na mbona yangu ilikuwa mbichi ndani?

Si pizza ya tanuri. Mpishi huchukua donge la unga lililolowekwa mafuta, akalitandaza kwa viganja mpaka likawa jembamba kiasi cha kuona ubao chini yake. Katikati huweka kipande kingine kidogo cha unga, na hicho ndicho siri ya kazi: bila hicho, yai hupasua unga na mchanganyiko wote ukamwagikia chuma. Juu yake huja nyama ya kusaga, vitunguu, pilipili boga, jibini, mayonezi na yai bichi, akavuruga hapo hapo kwa kijiko, akakunja pembe nne kuwa mraba na kuigeuza kwenye chuma chenye mafuta.

Ubichi hutokea pembe zilipokutana, kwa sababu pale unga una tabaka nne. Chuma kikiwa cha moto mno, nje huwa kahawia kwa dakika mbili na ndani bado ni uji. Iliyoiva huchukua zaidi, moto wa wastani, na hugeuzwa zaidi ya mara moja huku ikikandamizwa. Kukiwa na foleni ndefu mpishi huharakisha, kwa hiyo nunua mapema au mwambie akuachie iive. Ya ndizi na chokoleti kwa kawaida haina yai la kubaki bichi.

Na urojo? Juisi ya miwa?

Urojo ni bakuli la mchuzi wa manjano wenye uchachu wa embe au ukwaju, ndani yake bhajia, kachori, viazi, vipande vya mishikaki, juu yake chipsi za muhogo, chatne ya nazi na pilipili. Sema kiasi cha pilipili kabla hajaanza kumimina. Wapenzi wa urojo watakuambia mzuri zaidi uko mitaani mchana, na hawajakosea, lakini wa Forodhani unatosha kumwonyesha mgeni ni kitu gani.

Muwa husukumwa kati ya magurudumu mawili ya chuma, ukakunjwa na kurudishwa mara tatu nne pamoja na ndimu na tangawizi. Inywe hapo hapo. Ikikaa hubadilika rangi na ladha. Wasiwasi uko kwenye barafu na glasi zinazosuuzwa katika ndoo moja jioni nzima. Njoo na kikombe chako na useme "bila barafu". Pombe haiuzwi bustanini, na kuja nayo ni kukosa adabu.

Papasi ni nani, na nifanye nini nao?

Ni vijana wanaowafuata wageni wakiuza safari za visiwani, viungo, hoteli na usuhuba. Wengi si watu wabaya. Wanaishi kwa kamisheni. Usijibu swali la "unakaa hoteli gani?", kwani ndilo linalofungua mazungumzo marefu. "Sihitaji, ahsante" moja, bila kusimama, inatosha. Waongozaji halali wana kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii ya Zanzibar, omba ukione.

Safari ya Changuu naweza kuipanga hapo hapo?

Naam, na wenye mashua wako jirani, ufukweni. Kwa mashua yenye injini ni dakika 20 hadi 30. Kubaliana kama bei ni ya mashua nzima au ya kichwa, kama ni kwenda na kurudi, saa ya kurudi, na kama tozo ya kuingia kisiwani imo. Hakikisha kila abiria ana jaketi la kuokolea kabla hamjasukuma, na lipa sehemu iliyobaki mkisharudi. Nenda asubuhi. Mchana upepo huzidi, na wakati wa kaskazi njia ya kurudi inaweza kuwalowesha wote.

Nivae nini? Na picha?

Mabega na magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Nguo za ufukweni zibaki ufukweni. Usimpige picha mtu bila kumwomba, hasa wanawake na watoto; wauzaji wengi hukubali ukishanunua. Epuka kuelekeza kamera kwa askari na maeneo ya ulinzi bandarini. Droni inataka kibali kabla hujairusha, na kibali hakipatikani kwa kuomba siku hiyo.

Wakati wa Ramadhani kuna chakula?

Usiku ndiyo, mchana hapana. Usile, usinywe wala usivute sigara hadharani kabla ya Magharibi, hata kama wewe si Mwislamu. Adhana ikishatoka, acha watu wafuturu kwanza. Muuzaji naye hajala tangu alfajiri. Baada ya tarawehe bustani hujaa upya na hukaa hai mpaka usiku mwingi. Siku za Idi familia huja na watoto waliovaa nguo mpya, na kupata benchi ni bahati.

Ninakuja na watoto wadogo, au na mtu wa kiti cha magurudumu.

Njia za bustani ni tambarare na pana, tofauti na vichochoro vya mjini ambavyo vina mawe yaliyonyanyuka. Fikeni kwa gari mpaka barabarani mbele ya Ngome, kabla ya saa 12, kwa sababu soko likishaanza meza na waya za taa hubana mapito. Watoto wana sehemu yao ya kuchezea. Cha kuangalia ni ukuta wa bahari, usio na uzio wa kumzuia mtoto anayekimbia, na majiko ya mkaa yaliyo usawa wa uso wake.

Mvua ikinyesha?

Masika, Machi hadi Mei, inaweza kuzima soko jioni nzima. Wauzaji hufunika na kwenda. Vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, hunyesha kwa vipindi: subiri chini ya roshani za barabarani kama nusu saa, na mara nyingi majiko huwaka tena. Usije na mfuko wa plastiki wa kujifunikia, maana mifuko hiyo imepigwa marufuku Zanzibar tangu 2006.